Hukumu ya Ajali ya Gari Iliyokatwa Bila ya Mdaiwa Kuitwa



Kisiwani Kudhaa, kama ilivyo Chovai, Chula, Koyama na Ngumi, mtu hujulikana kwa chombo chake cha bahari. Ajali inayohofiwa huko ni ya tufani au ya mwamba. Gari, mtu wa visiwa hukutana nalo avukapo kwenda Kismayu, au ateremkapo kusini hadi Lamu, Malindi na Mombasa, ambako Wabajuni wana jamaa tangu zamani na ambako wengi walikimbilia baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991. Huko bara ndiko anakonunua gari la kuchukulia papa mkavu na kamba kupeleka sokoni, huko ndiko ajali inakotokea, na huko ndiko mahakama inakokaa. Yeye mwenyewe, siku shauri linapotajwa, huenda yuko baharini.

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo hilo: afanye nini mtu aliyehukumiwa kulipa fidia ya ajali ya gari katika kesi ambayo hakupata habari yake?

Na tuchukue mfano. Nahodha mmoja wa Kudhaa alikuwa na gari dogo la mizigo mjini Malindi. Baadaye akaliuza. Mnunuzi alilipa fedha, wakaandikiana karatasi mbele ya mashahidi wawili, wakapeana mikono, kisha nahodha akarudi visiwani. Jina lake, hata hivyo, lilibaki katika kitabu cha gari. Miezi kadhaa ikapita. Gari lile likamgonga mwanamke aliyekuwa akitembea kando ya barabara, akavunjika mguu. Mwanamke yule akatafuta wakili. Wakili akauliza gari ni la nani, akapewa jina la nahodha. Kesi ikafunguliwa. Tarishi wa mahakama akaapa kwamba alimkabidhi nahodha hati ya wito mkononi, nyumbani kwake Malindi, siku ambayo nahodha alikuwa akitega madema karibu na Kudhaa. Mdaiwa hakutokea, hukumu ikaandikwa. Nahodha alikuja kuijua habari hiyo siku dalali wa mahakama alipoikamata mashua yake iliyokuwa imefunga gatini.

Huu ni mfano tu, lakini hauko mbali na mambo yanayosikika katika mahakama za pwani. Na kwa kuwa ajali na kesi katika mfano wetu zimetokea Kenya, sheria tutakayoieleza zaidi ni ya Kenya.

Jambo la kwanza la kufahamu ni jinsi hukumu kama hiyo inavyopatikana, maana wako watu wanaodhani kuwa hakimu hawezi kuhukumu bila ya kuwaona wote wawili. Anaweza. Kwa Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010, mdai akishafungua kesi, mahakama hutoa hati ya wito kumtaka mdaiwa ajitokeze katika muda uliotajwa ndani yake. Mdaiwa asipojitokeza wala kuleta utetezi, mdai huomba hukumu ya awali dhidi yake. Katika kesi ya kuumizwa, ambamo kiasi cha fidia hakijajulikana, hukumu hiyo ya awali huamua kwamba mdaiwa anawajibika. Kisha siku hupangwa ya mdai kuthibitisha madhara yake kwa ripoti ya daktari na stakabadhi za hospitali, ndipo kiasi kinapotajwa. Yote haya hufanyika kiti cha mdaiwa kikiwa kitupu.

Utaratibu huu si wa uonevu. Pasipokuwa nao, kila mwenye kudaiwa angejificha na kesi isingeanza milele. Yule mwanamke aliyevunjika mguu anastahili kusikilizwa hata kama aliyemgonga amekataa kuja. Lakini jengo lote limesimama juu ya nguzo moja, nayo ni kwamba mdaiwa ameitwa kweli. Nguzo hiyo ikiwa ya uongo, hukumu haina pa kuegemea.

Ndiyo maana kanuni za kupeleka wito ni nyingi na zina masharti. Wito yapasa upelekwe kwa mdaiwa mwenyewe, au kwa wakala wake mwenye idhini. Akitafutwa kwa bidii asipatikane, waweza kupewa mtu mzima wa jamaa yake anayekaa naye nyumba moja. Jirani hatoshi, wala mtumishi wa duka la mbele. Iwapo hata hilo halikuwezekana, mdai anaweza kuomba ruhusa ya mahakama ili wito ubandikwe mahali pa wazi au utangazwe gazetini. Mdaiwa aliye nje ya Kenya haitwi hivi hivi, bali ruhusa ya mahakama hutakiwa kwanza. Tangu mwaka 2020 kanuni zimeruhusu pia wito kupelekwa kwa barua pepe, au kwa ujumbe wa simu ya mkononi katika namba ya mwisho inayojulikana kuwa mdaiwa aliitumia, na tarishi hutakiwa kuonyesha ushahidi kwamba ujumbe ulifika. Kwa maoni yangu kanuni hii ya simu itazua mabishano mengi katika visiwa, ambako mtu huweza kukaa siku kumi pasipo mtandao, na namba ya leo huwa ya mtu mwingine kesho.

Baada ya kupeleka wito, tarishi huandika kiapo. Humo hueleza alikwenda wapi, siku gani, saa ngapi, alimkuta nani, na nani aliyemwonyesha kwamba huyo ndiye. Karatasi hiyo, ambayo wengi hawaijui, ndiyo roho ya shauri lote. Kwa hiyo mtu aliyeletewa hukumu asiyoijua asianze kwa kugombana na dalali. Aende katika masjala ya mahakama, alipe ada ya kuliona jalada, asome kiapo cha tarishi neno kwa neno. Kikisema kwamba alikabidhiwa wito nyumbani kwake tarehe fulani saa nne za asubuhi, na pasi yake ina mhuri wa kuonyesha kwamba siku hiyo alikuwa nchi nyingine, basi ana jambo la kusema. Vivyo hivyo kiapo kikitaja nyumba asiyokaa, au kikinyamaza kuhusu nani aliyemtambulisha.

Tarishi huyo anaweza kuitwa mahakamani akahojiwa juu ya kiapo chake. Haki hii imo katika kanuni, lakini hutumiwa kwa nadra. Mara nyingi mdaiwa huandika tu kwamba hakupata wito, tarishi naye ameandika kwamba alimpa, na hakimu anaachwa kati ya viapo viwili. Kanusho tupu halitoshi, kwa sababu mahakama huanza kwa kumwamini mtumishi wake mpaka ionyeshwe kwamba amekosea. Lazima pawe na kitu cha kushika: mhuri wa uhamiaji, daftari la bandari, risiti, kiapo cha mwenye nyumba, kiapo cha mabaharia waliokuwa chomboni.

Sasa tufike kwenye ombi lenyewe. Wengi hukimbilia rufaa, na hapo hupoteza wakati. Rufaa kutoka kwa hakimu huenda Mahakama Kuu, nayo muda wake ni siku 30. Lakini mahakama ya rufaa husoma kumbukumbu za kesi ilivyosikilizwa, na katika kumbukumbu hizo upande wa nahodha haumo hata kwa mstari mmoja. Njia iliyonyooka ni kurudi kwa mahakama ile ile iliyotoa hukumu na kuiomba iitengue. Uwezo huo umo katika Amri ya 10, kanuni ya 11, kwa hukumu iliyotolewa kwa sababu mdaiwa hakujitokeza au hakuleta utetezi, na katika Amri ya 12, kanuni ya 7, kwa kesi iliyosikilizwa mtu asipokuwapo siku ya kusikilizwa. Hakimu kuombwa kuitengua hukumu yake hakumvunjii heshima.

Ombi hilo huambatana na lingine la haraka, nalo ni kusimamisha utekelezaji. Mashua ikishauzwa katika mnada, kuirudisha ni kazi nyingine. Wakili huleta ombi kwa hati ya dharura, akitaka mali isiuzwe mpaka pande zote mbili zisikilizwe. Yafaa pia itazamwe kama mdaiwa alipewa taarifa ya hukumu kabla ya kukamatiwa mali. Katika hukumu za namna hii kanuni zinataka apewe taarifa isiyopungua siku 10 kabla ya utekelezaji. Pasipo taarifa hiyo, utekelezaji wenyewe una kasoro. Tena, mashua nyingi za visiwani si za mtu mmoja. Huwa ni za ndugu watatu au wanne waliochangia mbao na mashine. Ndugu ambaye hakuhukumiwa anayo haki ya kuleta pingamizi lake mwenyewe, akaonyesha fungu lake.

Mahakama inapolipokea ombi la kutengua, huuliza swali ambalo majibu yake yanapeleka katika njia mbili tofauti. Je, mtu huyu hakuitwa kabisa kwa njia ya sheria, au aliitwa akashindwa kuja?

Ikithibitika kwamba hakuitwa, hukumu hiyo ni ya kasoro na hutenguliwa kwa haki. Mahakama haimpimi kama ana utetezi mzuri au mbaya, kwani haiwezekani kumwuliza mtu kama angeshinda pambano ambalo hakuambiwa kuwa lipo. Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilizieleza vizuri njia hizi mbili mwaka 2016 katika shauri la James Kanyiita Nderitu na Marios Philotas Ghikas. Msingi wake umo katika Katiba ya mwaka 2010: Ibara ya 50 inatoa haki ya kusikilizwa kwa usawa, na Ibara ya 25 inaiweka haki hiyo miongoni mwa zile zisizoweza kupunguzwa.

Ikiwa aliitwa lakini hakuja, hukumu ni halali, na kutenguliwa kwake hutegemea hiari ya mahakama. Hapa hutazamwa sababu ya kutokuja, muda uliopita tangu hukumu, kama utetezi una jambo linalostahili kusikilizwa, na madhara yatakayompata kila upande. Mwaka 1967, katika shauri la Shah na Mbogo, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka neno ambalo mawakili wa Afrika ya Mashariki wanalirudia hadi leo: hiari hiyo imewekwa ili kuzuia dhuluma inayotokana na ajali, kupitiwa, au kosa linaloweza kusameheka, na haikuwekwa kumsaidia mtu aliyekusudia kuikwepa mahakama au kuichelewesha haki. Shauri hilo lilipofika katika Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki mwaka 1968, majaji walieleza kwamba hawataingilia hiari ya jaji ila pale itakapoonekana wazi kwamba amekosea. Maana yake ni kwamba hakimu wa kwanza ndiye wa kushawishiwa.

Mahakama hiyo hiyo ya Rufaa, katika shauri la Patel na kampuni ya East Africa Cargo Handling Services, lililoripotiwa mwaka 1974, ilisema kwamba utetezi unaotakiwa si ule ambao lazima ushinde. Yatosha uwe na swali linalohitaji kuamuliwa kwa ushahidi. Nahodha wetu analo swali hilo. Sheria ya Barabarani ya Kenya, kifungu cha 8, humhesabu mwenye jina katika kitabu cha gari kuwa ndiye mwenye gari, mpaka kinyume chake kithibitishwe. Neno "mpaka" ndilo mlango wake. Ile karatasi ya mauziano na mashahidi wake wawili yaweza kuonyesha kwamba siku ya ajali gari lilikuwa la mtu mwingine na dereva hakuwa mtumishi wake. Bila shaka alifanya uzembe kutobadilisha jina, maana sheria inampa mnunuzi siku 14 tu kulitembeza gari kabla ya kuandikishwa kwa jina lake. Lakini uzembe wa kitabu si sawa na uzembe wa kumgonga mtu.

Tukisema hayo, tusimsahau mwanamke aliyevunjika mguu. Katika mazungumzo ya namna hii mara nyingi huruma yote humwendea aliyehukumiwa bila ya kujua, kana kwamba upande wa pili hauna mtu. Amelala hospitali, ameuza mbuzi au hereni kulipa daktari, amengoja hukumu, na sasa anaambiwa waanze tena. Hakumchagua tarishi aliyeapa uongo. Kwa ajili hiyo mahakama, inapotengua hukumu iliyo halali, huweza kuweka masharti: mdaiwa alipe gharama za mdai zilizopotea, au aweke fedha mahakamani kama dhamana, au alete utetezi katika siku zilizotajwa. Na kwa ajili hiyo pia kuchelewa humdhuru mwombaji. Aliyejua habari ya hukumu mwezi wa kwanza akaleta ombi mwezi wa kumi atakuwa na kazi ya kueleza miezi tisa. Mashahidi husahau, madereva huhama, na vyuma vya gari lililogonga huuzwa.

Liko tena suala la bima, ambalo huleta maafa ya kimya kimya. Sheria ya bima ya magari kwa watu wengine, Sura ya 405, inaitaka kampuni ya bima imlipe aliyeumizwa kile alichohukumiwa, hadi kikomo cha shilingi milioni 3. Lakini kampuni haiwajibiki kwa hukumu ikiwa haikupata taarifa ya kesi kabla ya kufunguliwa au katika siku 30 baada ya kufunguliwa. Kwa hiyo taarifa iliyokosekana yaweza kuwadhuru wote wawili, mdaiwa kwa kuachwa alipe mwenyewe, na mdai kwa kubaki na hukumu dhidi ya mtu asiye na kitu ila mashua. Yeyote aliyewahi kuwa na gari ahifadhi namba ya hati yake ya bima hata baada ya kuliuza. Na apatapo karatasi ya mahakama, aipeleke nakala kwa kampuni siku hiyo hiyo, kisha atake saini ya kupokelewa.

Ingekuwa ajali hiyo imetokea Tanga au Dar es Salaam, njia ingekuwa ile ile kwa msingi wake, ila saa ingekwenda kwa kasi zaidi. Sheria ya Tanzania ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966 inampa mdaiwa nafasi ya kuomba hukumu ya upande mmoja itenguliwe, lakini Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inampa siku 30 kuleta ombi hilo. Zikimpita, lazima kwanza aombe aongezewe muda, akieleza kila siku iliyopotea ilipotelea wapi. Mahakama ya Rufaa ya Tanzania nayo, katika shauri maarufu la kampuni ya Mbeya-Rukwa Autoparts and Transport, ilitamka kwamba haki ya kusikilizwa katika nchi hiyo si kanuni iliyorithiwa kwa Waingereza tu, bali ni haki ya kikatiba chini ya Ibara ya 13.

Na upande wa Kismayu? Katiba ya muda ya Somalia ya mwaka 2012 inahifadhi haki ya mtu kusikilizwa na mahakama isiyopendelea. Hata hivyo, madai mengi ya ajali huko humalizwa na wazee, kwa diya na suluhu. Baraza la wazee lina sifa moja ambayo mahakama za bara zingefaa kuitamani: halikai mpaka pande mbili zimeonana uso kwa uso. Lakini diya hutegemea nguvu ya ukoo, na mtu wa visiwani asiye na ukoo mkubwa nyuma yake hawezi siku zote kujivunia njia hiyo. Kwa mtu kama huyo, jalada la mahakama, pamoja na ubaridi wake wote, lina faida ya kutouliza ukoo.

Turudi Malindi tumalizie habari ya nahodha. Tuseme ombi lake limesikilizwa. Tarishi amehojiwa, akashindwa kusema ni nani aliyemwonyesha mdaiwa. Hukumu imetenguliwa na mashua imeachiliwa. Wapo watakaopiga vigelegele gatini, lakini kesi haijafutwa. Madai yangali hai, na nahodha sasa ni mdaiwa aliyekwisha kujua. Anapewa siku chache alete utetezi wake, na humo anaomba yule mnunuzi wa gari aunganishwe katika kesi. Kuanzia siku hiyo hawezi tena kusema kwamba hakuitwa. Akisafiri na kuiacha tarehe impite, hukumu itakayofuata itakuwa halali. Kwa hiyo anamwachia wakili namba ya simu ya kaka yake aliyeko Malindi, anaandikisha anwani ya kupokelea barua, na kabla ya kupandisha tanga kwenda Kudhaa anakwenda tena masjala, kuandika katika daftari lake tarehe ya kutajwa kwa kesi.